Mtoto wa mwaka na miezi minane anatapika tangu usiku: ORS nimpe kwa kasi gani, na chakula kirudi lini?

MamaTunu

Habari za asubuhi wakuu. Naomba majibu ya wanaojua watoto wadogo.

Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minane, kilo 10.5 kwenye kadi ya kliniki ya mwezi huu. Ameanza kutapika saa tano usiku, na mpaka saa kumi na mbili asubuhi hii ni mara sita. Mara mbili za mwanzo kilitoka chakula, nne zilizofuata ni maji na ute mweupe. Ameharisha mara moja, choo chepesi cha njano, hakina damu. Joto la kwapani ni 37.4. Pampasi ya asubuhi ina mkojo kidogo uliokolea rangi. Bado ananyonya.

ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) nimechanganya pakiti moja. Nikampa nusu kikombe, akainywa yote kwa pupa, dakika tano baadaye ikarudi yote. Sasa nauliza: nimpe kiasi gani na kila baada ya muda gani? Uji aanze lini, na uwe mwepesi au mzito? Maziwa niyasimamishe? Duka la dawa wameshauri glukosi ya unga na dawa ya kukata kutapika, bado sijampa. Bibi yake anasema tumbo lipumzishwe mpaka jioni, apewe soda iliyotolewa gesi tu.

Tabibu_wa_Zamu

Pole sana mama Tunu. Kabla ya kuhesabu vijiko mtazame kwanza mtoto, maana kiasi cha kumpa kinategemea maji yaliyompungua.

Kuna mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni hali yake: ametulia, anasumbuka na kulia bila kubembelezeka, au amelegea? La pili ni macho, yamedumbukia kuliko kawaida yake? Hapo wewe ndiye mwenye jibu, kwa sababu wewe ndiye unayeyaona macho hayo kila siku. La tatu ni kiu. La nne ni ngozi: mlaze chali, shika ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo ufuate urefu wa mwili. Vuta, shikilia sekunde moja, achia. Ikirudi papo hapo ni sawa. Ukiweza kuuona mkunjo umebaki hata kwa muda mfupi, hiyo ni dalili. Ukibaki zaidi ya sekunde mbili, hali ni mbaya.

Kunywa kwa pupa ulikokuandika ni dalili mojawapo, usiipuuze. Ukiona na nyingine moja, mathalani macho yamedumbukia, huyo ana upungufu wa maji na anatakiwa kituoni, siyo kwa sababu lazima awekewe dripu, bali kwa sababu anahitaji mtu wa kumpima tena baada ya saa nne. Matibabu yake ni mililita 75 za ORS kwa kila kilo ndani ya saa hizo nne. Kwa kilo 10.5 ni kama mililita 790. Unaanza kumpa mkiwa njiani, hamsubiri foleni. Kama ni kiu peke yake, endelea nyumbani.

Amelegea, haamki vizuri, hawezi kunywa wala kunyonya, anarudisha kila kitu hata kijiko kimoja kimoja, amepata degedege, anatapika kijani au damu: hapo hakuna cha kujaribu nyumbani. Matapishi ya kijani yanaweza kuwa ya utumbo ulioziba, na huo hauponi kwa ORS. Vivyo hivyo mtoto anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu tumboni, kisha anatulia, kisha analia tena. Kwa umri huu utumbo unaweza kujiingiza ndani ya utumbo, na ukingoja uone choo chenye damu kama jeli, umechelewa.

Sasa kasi, kwa sababu kosa halikuwa kwenye ORS. Tumbo lililowashwa na virusi likijazwa kwa mkupuo hurudisha kilichomo, hata kama ni maji matupu. Likipewa tone kwa tone, maji huteremka kwenye utumbo mwembamba kabla tumbo halijatanuka, na huko ndiko yanakofyonzwa. Kwa hiyo:

Akishatapika, subiri dakika 10. Kisha mpe mililita 5 kila dakika 2 au 3. Tumia sirinji ya dawa, ile isiyo na sindano, kwa sababu vijiko vya nyumbani vinatofautiana sana: kuna kijiko cha chai cha mililita 3 na kuna cha 7. Elekeza ncha ya sirinji upande wa ndani wa shavu, usiielekeze kooni. Mtoto awe amekaa au ameegemea kifua chako, asilale chali. Mililita 5 kila dakika 3 ni mililita 100 kwa saa, na mtoto huyu kwa siku nzima anahitaji takriban lita moja ya vinywaji vyote kwa pamoja ili mwili uende sawa, mbali na vile anavyopoteza. Utaona basi kwamba kasi hiyo inayoonekana ndogo inatosha na kubaki.

Akitapika tena, dakika 10 nyingine, kisha rudi kwa mililita 2.5. Usikate tamaa ukiona ametapika. Kinachotoka si vyote ulivyompa, sehemu imeshaingia mwilini. Saa moja ikipita bila kutapika, mpe 10 kila dakika 5. Saa mbili, 20 hadi 30 kila dakika 10. Ikishakaa hivyo, mwachie kikombe lakini mimina kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi huharibu: mtoto ana kiu, analilia kikombe, mzazi anamhurumia na kumpa chote, na mzunguko unaanza upya.

Andika kwenye karatasi saa, kiasi alichokunywa, alichotapika, choo na mkojo. Ukifika kituoni karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo ya kichwani.

Kunyonya usisimamishe hata kidogo. Mnyonyeshe mara nyingi kwa muda mfupi, dakika tatu hadi tano, halafu mtoe, baadaye tena. Maziwa ya mama hutoka tumboni haraka kuliko maziwa mengine.

Mwanamvita

Naongeza la kuchanganya, sababu dada ameandika "pakiti moja" bila kutaja maji. Huku Mombasa pakiti nyingi ni za nusu lita. Tanzania mnazo sana za lita moja, na zipo za mililita 200. Anayezoea moja akinunua nyingine anakosea bila kujua. Soma mgongoni mwa pakiti, kila mara.

Pakiti ya lita moja ukiitia kwenye nusu lita, chumvi inakuwa maradufu. Mtoto atazidi kuona kiu, atazidi kutapika, na sodiamu (madini ya kwenye chumvi) ikipanda kwenye damu inaweza kuleta degedege. Ya nusu lita ukiitia kwenye lita moja, umempa maji yenye ladha tu. Fomula inayotumika sasa ilipitishwa na WHO na UNICEF mwaka 2002: kwa lita moja ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati 2.9. Hiyo hesabu haikubahatishwa. Ukuta wa utumbo una mlango ambao glukosi na sodiamu hupita pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Mlango huo unaendelea kufanya kazi hata mtoto akiharisha vibaya. Ukivuruga uwiano, maji hayafuati.

Pima kwa chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa ujazo wake. Chupa mbili za nusu lita ni lita moja. Ile kubwa ya lita moja na nusu ndiyo inayowapoteza watu, huijaza mpaka juu wakidhani ni lita. Usikadirie kwa jagi wala kwa chupa ya soda. Maji yachemshwe, yapoe kabisa, ndipo utie unga. Ukishachanganya usichemshe tena. Usigawe pakiti ukatumia nusu leo nusu kesho, kwa sababu chumvi na glukosi havikujipanga sawa ndani ya pakiti, na nusu ya leo inaweza kuwa chumvi tupu. Usiongeze sukari wala juisi ili ladha ipendeze. Funika, na baada ya saa 24 kimwage kilichobaki.

Kama anakataa ladha, ipoze kwenye friji. Chumvi haisikiki sana kwenye baridi. Unaweza hata kuigandisha kwenye vifuko vidogo kama barafu za watoto, uivunjevunje, alambe kwa kijiko. Mtoto anayelamba barafu anakunywa taratibu bila wewe kupigana naye. Vipande viwe vimesagika, asije akapaliwa.

Kama duka liko mbali na pakiti imekwisha: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vilivyokatwa juu kwa kisu, chumvi nusu kijiko cha chai nayo imekatwa. Onja kabla hujampa. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Hii haina potasiamu, kwa hiyo ni ya kukuvusha tu mpaka upate pakiti.

Tabibu_wa_Zamu

Shukrani Mwanamvita. Nirudi kwenye glukosi na soda, kwa sababu nimeona swali halijajibiwa.

Glukosi ya unga peke yake haina chumvi, kwa hiyo ule mlango alioutaja hauna wa kupita na sukari. Soda ni mbaya zaidi: ina sukari karibu gramu 106 kwa lita, ORS ina 13.5. Mchanganyiko mzito hivyo ukifika kwenye utumbo huvuta maji kutoka mwilini kuja kuupunguza, na kuharisha huongezeka. Kutoa gesi hakuondoi sukari. Juisi za pakiti ni ndugu wa soda. Utafiti uliofanyika Toronto na kuchapishwa mwaka 2016 uliwapa watoto wenye upungufu mdogo kabisa wa maji juisi ya tufaha iliyozimuliwa nusu kwa maji, na walifanya vizuri, lakini hao walikuwa watoto wa mji tajiri, walioshiba. Usiuhamishe kwa mtoto aliyetapika mara sita na anayeanza kuharisha.

Maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri cha kuongezea baada ya hali kutulia, siyo mbadala wa ORS leo asubuhi. Chai ya rangi iache.

Bibi mwambieni kwa heshima kwamba ana jambo moja la kweli: mlo mkubwa asipewe sasa. Lakini kumwacha tupu mpaka jioni ni hatari. Ini la mtoto wa kilo kumi lina akiba ndogo ya sukari. Amekula mara ya mwisho jana usiku na akakitapika, kwa hiyo ikifika jioni ni takriban saa 24. Akiba ikiisha mwili unachoma mafuta, na mabaki ya kuchoma huko, yale yanayofanya pumzi inuke kama tunda lililoiva kupita kiasi, yenyewe huleta kichefuchefu. Mtoto anatapika kwa sababu ana njaa, na ananyimwa chakula kwa sababu anatapika. Jasho baridi, kutetemeka na kulegea ghafla ni sukari imeshuka, mkimbize kituoni.

Jiko_la_Lishe

Kwa chakula nitakuwa wazi: saa ya kuanza ni pale ORS imekaa tumboni saa mbili hadi tatu bila kurudi, au mtoto akiomba mwenyewe kabla ya hapo. Isipite saa nne tangu alipotulia. Si lazima kuharisha kukome kwanza, kuharisha kutaendelea siku kadhaa na yeye lazima ale.

Mlo wa kwanza ni vijiko viwili au vitatu vya chakula, basi. Ngoja nusu saa. Kikikaa, vijiko vinne au vitano. Kikirudi, rudi kwenye ORS saa moja ukajaribu tena. Kwa siku ya kwanza panga milo sita hadi nane midogo badala ya mitatu ya kushiba. Usimlazimishe kwa kumshika pua au kumkaba, mtoto akilishwa kwa nguvu akiwa na kichefuchefu anatapika hata kile ambacho kingekaa, na anaweza kupaliwa.

Uji wa kwanza uwe wa nafaka moja, mchele au sembe, siyo unga wa lishe wenye soya, karanga na mchanganyiko wa vitu saba. Soya na karanga ni chakula kizuri lakini vina mafuta na nyuzi, vinakaa tumboni muda mrefu. Kikombe kimoja cha maji, vijiko viwili vya chakula vya unga vilivyosawazishwa, uive kweli kweli dakika 10 hadi 15, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, sukari isizidi kijiko cha chai. Sukari nyingi kwenye uji inafanya kile kile Tabibu alichoeleza kwenye soda. Uwe wa vuguvugu, siyo wa moto. Harufu ya mvuke wa chakula cha moto huchokoza kichefuchefu, hili watu hawalifikirii.

Kikishakaa, siku hiyo hiyo ongeza ndizi mbivu iliyopondwa (inarudisha potasiamu aliyoipoteza), viazi mviringo vilivyopondwa na mchuzi mwepesi wa kuku, wali laini uliopondwa, mtori usio na mafuta mengi, mtindi usiotiwa sukari. Mtindi mara nyingi hukubalika kuliko maziwa ya kawaida yaliyochemshwa, kwa sababu bakteria wameshaila sehemu ya sukari ya maziwa. Maziwa ya kopo kama anatumia yachanganywe kwa vipimo vyake vya kawaida, kuyazimua ni kumnyima chakula. Maziwa ya ng'ombe yarudi kidogo kidogo. Utayasimamisha tu kama kila akinywa choo kinakuwa maji ya kuruka na makalio yanababuka.

Na hapa nataka kusisitiza kuliko mahali pengine: uji mwepesi ni wa siku ya kwanza. Nyumba nyingi mtoto hubakizwa kwenye uji wa maji na chai kwa wiki nzima "mpaka apone vizuri", na ndiyo wiki anayoshuka kilo nzima kwenye kadi. Uji mwepesi ni maji yenye rangi ya chakula. Tumbo lake lina ujazo mdogo, akijaza maji hakuna nafasi ya nguvu. Siku ya pili uji uwe mzito wa kushikamana na kijiko, ukiwa na kijiko cha chai cha mafuta ya kula kwa kila bakuli. Kama koo linakataa uzito, tumia kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Pika uji mzito, uache upoe kiasi cha kuweza kuuonja bila kuungua, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi, koroga dakika chache. Utaona unalainika na kuteleza wenyewe bila kuongezewa maji, kwa sababu kimea kinakatakata wanga. Ukilainika, rudisha motoni uchemke kidogo kuua vijidudu vya kwenye unga. Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota hakifanyi kazi, joto limeshakiua.

Siku ya tatu arudi kwenye chakula cha nyumbani: ugali laini, dagaa waliosagwa, yai, maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, mboga. Kisha mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili. Vyakula vya kukaanga, chipsi, biskuti tamu na juisi visubiri.

Dawa_na_Dozi

Kuhusu dawa ya kukata kutapika, asante kwa kutompa. Prometazini hairuhusiwi kabisa chini ya miaka miwili, inaweza kusimamisha upumuaji. Metoklopramidi, wengi mnaijua kama Plasil, kwa watoto wadogo husababisha shingo na macho kukakamaa na kupinda, na mzazi hudhani ni degedege. Pia dawa zinazolaza zinaficha dalili. Mtoto amelala kwa sababu ya dawa au amelegea kwa kukosa maji? Hata daktari atapata shida. Ondansetroni ipo na inasaidia, lakini ni dozi moja, kwa uzito, ikitolewa na aliyemwona mtoto na kuhakikisha utumbo haujaziba.

Dawa za kufunga choo kama loperamidi, usithubutu. Flagyl na antibaotiki nyingine hazina kazi kwenye kutapika kwa virusi, na zenyewe huleta kichefuchefu. Kama amechanjwa rota (kirusi kinacholeta kuharisha kwa watoto) hiyo haimaanishi hawezi kupata virusi vya tumbo, chanjo inapunguza ukali, na vipo virusi vingine.

Zinki ni ya lazima sasa maana ameharisha. Kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi sita huwa ni nusu. Kiyeyushe kwenye kijiko chenye maziwa ya mama au ORS, mpe kutapika kukishapoa, akiwa na kitu kidogo tumboni, kwa sababu zinki juu ya tumbo tupu huleta kichefuchefu. Akiitapika ndani ya nusu saa, mrudishie. Kosa kubwa ni kuacha siku ya tatu choo kikikaza. Siku zilizobaki ni za kuujenga utumbo na kumkinga asirudie miezi inayofuata.

Homa ikipanda, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Malaria kwa mtoto inaweza kuja na kutapika kama dalili kubwa. Akiandikiwa dawa mseto na akaitapika ndani ya saa moja, dozi nzima irudiwe, na umwambie mtoa huduma ili usiishiwe vidonge katikati.

MamaTunu

Asanteni sana. Taarifa ya saa kumi jioni: ngozi inarudi mara moja, macho ni ya kawaida, ametulia. Ametapika mara moja saa mbili asubuhi, tangu hapo hapana. Ameshakunywa ORS mililita 620 kwa sirinji. Uji wa mchele na nusu ndizi vimekaa. Mkojo mara mbili. Lakini ameharisha mara nne, maji ya njano, na sasa anaikataa ORS kabisa, anataka maji ya kawaida. Nimlazimishe? Na usiku nimwamshe kumnywesha?

Tabibu_wa_Zamu

Karatasi yako ni nzuri, mama. Kutapika kwanza kisha kuharisha ndiyo mwendo wa virusi vya tumbo: kutapika siku moja au mbili, kuharisha siku tano hadi saba, mara nyingine mpaka wiki mbili. Kwa hiyo kuharisha huku si dalili kwamba umekosea chakula.

Mtoto ambaye maji na chumvi vimesharudi mwilini mwake, mara nyingi huanza kuikataa ORS, kwa sababu mwili hauitaki tena kama asubuhi. Usipigane naye. Ila maji matupu pekee wakati choo kinatoka mara nne hayatoshi, kila choo kinaondoka na chumvi, na ukirudisha maji bila chumvi sodiamu itashuka. Mpangilio ni huu: kwa kila choo cha maji, mililita 50 hadi 100 za ORS baridi, polepole. Zikikataliwa, supu ya kuku yenye chumvi kidogo au uji wenye ile chumvi ya vidole viwili vifanye kazi hiyo. Katikati ya hapo maji ya kawaida na maziwa yako anywe atakavyo.

Usiku usimwamshe kila saa. Amelala usingizi wa kawaida na amekojoa jioni, mwache alale, kwa ubavu. Weka pembeni ORS iliyochanganywa jioni hii, siyo ya asubuhi, pamoja na sirinji na kitambaa. Akiamka, mnyonyeshe kwanza. Gusa pampasi saa sita na saa kumi za usiku. Tatizo la pampasi ni kwamba choo cha maji na mkojo huchanganyika usijue kipi ni kipi, kwa hiyo usiku huu mvalishe kitambaa cha pamba au weka pamba mbele ndani ya pampasi. Zikipita saa sita hadi nane pamba ikiwa kavu, mwamshe, mpe mililita 10 kila dakika 5 na urudie kupima ngozi na macho. Asipoamka vizuri, au akiamka akatapika kila unachompa, usingoje kupambazuke.

Mwanamvita

Na nguo zilizotapikiwa zifueni peke yake kwa maji ya moto. Anayembadilisha pampasi anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika sirinji. Vitakasa mikono vya spiriti haviviwezi vizuri baadhi ya virusi hivi, na kwa kawaida siku ya pili ndipo anayefuata nyumbani huanza kutapika.

Jiko_la_Lishe

Kesho asubuhi anza na uji mzito wa kimea kabla ya kitu kingine, saa ya asubuhi ndiyo hamu ya kula huwa bora. Na umpime uzito baada ya siku saba kwenye mizani ile ile ya kliniki. Kama yuko chini ya 10.2, mlo wa ziada uwe miwili badala ya mmoja mpaka mstari wa kadi urudi ulipokuwa.